Hivi kitenzi 'get' cha Kiingereza kina maana ngapi? Kimeniaibisha kazini

Mwongoza Watalii, Iringa, ameandika:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mwongoza watalii ninayeishi Iringa mjini, na kazi yangu kubwa ni kuwapeleka wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, safari ya kilomita zipatazo 130 kutoka hapa. Kiingereza nilikisoma shuleni kama wengi wetu, na kwa majina ya wanyama, ndege na miti sina wasiwasi. Kinachonitoa jasho ni kitenzi kimoja cha herufi tatu, yaani 'get', ambacho niliambiwa maana yake ni 'kupata', nikaandika kwenye daftari na kuamini kwamba nimemalizana nacho.

Mwaka jana mwezi wa 8 nilikuwa na mama mmoja Mwingereza pamoja na mumewe kando ya Mto Ruaha Mkuu, katika majira yale ya kiangazi ambapo tembo huteremka mtoni kwa makundi. Yule mama aliniambia, 'You get a lot of elephants here, don't you?' Nilichosikia mimi ni kwamba ninawapata tembo wengi, na kwa kuwa katika maongezi yetu mtu anayepata tembo ni mwindaji au jangili, nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba ndani ya hifadhi ya taifa uwindaji umekatazwa kabisa na kwamba mimi sijawahi kugusa hata sungura. Mumewe alicheka mpaka darubini ikamponyoka mkononi.

Kesho yake, tuliporudi mjini, mume huyo huyo alisema, 'Don't worry, I'll get lunch.' Nilielewa kwamba atajitafutia chakula chake mwenyewe, kwa hiyo niliwaaga kwa adabu nikaenda zangu kwa mama lishe kula ugali na maharage, kumbe wao walikuwa wameagiza sahani tatu na wakaningoja karibu saa nzima.

Siku hizi ndiyo mimi ninayejibu barua pepe za wageni, na kitenzi hicho kimejaa humo: 'How do we get to the park?', 'Does it get cold in July?', 'Can we get the tents cleaned?' Juzi wageni waliokuwa njiani kutoka Dar es Salaam waliniandikia, 'We got the driver to stop at Mikumi for the night', nami nikakesha nikidhani kwamba wamempata dereva mwingine huko Mikumi na kwamba gari nililowapelekea limeachwa barabarani. Je, ipo kanuni ya kumwezesha mtu kujua 'get' ipi ni ipi, au ni jambo la kukariri sentensi moja moja?

Mwalimu Mstaafu, Uyole, ameandika:

Kamwene, mwanangu; nakusalimu kwa salamu ya kwenu. Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari hapa Mbeya mpaka nilipostaafu, na ninakiri kwamba baadhi ya wanafunzi wangu nao waliondoka na mstari huo huo daftarini, 'get: kupata', kwa hiyo sehemu ya lawama ninaibeba.

Kanuni ipo, ingawa haikamiliki. Usikitazame kitenzi chenyewe, bali litazame neno linalokifuata, kwa sababu 'get' peke yake hakina uzito. Uzito wake hutoka kwa jirani yake wa kulia. Jirani huyo akiwa nomino, kama katika 'get a letter' au 'get a visa', maana huzunguka katika kupata, kupokea, kununua au kwenda kuchukua, na mazingira ndiyo yatakayokuambia ni ipi kati ya hizo. Anayemwambia mtoto 'Get some milk' anamtuma dukani. Anayesema 'I got some milk from my neighbour' amepewa.

Sasa tuje kwenye chakula chako cha mchana. Mwingereza anaposema 'I'll get' na kutaja kitu kilicho mbele ya watu wote, mara nyingi anajitwika jukumu. Simu ikilia, 'I'll get it' ni kusema kwamba atapokea yeye. Mlango ukigongwa, atafungua yeye. Bili ikiletwa mezani, atalipa yeye. Ukitaka kulishika kwa Kiswahili, sema moyoni 'hilo niachieni mimi', nawe hutakosea tena. Yule bwana alikuwa anakualika, na wewe ukamkimbia.

Jirani akiwa mahali, au neno la kuonyesha uelekeo, hapo kuna mwendo: 'get to the park' ni kufika hifadhini, 'get home' ni kufika nyumbani, 'get on' ni kupanda basi na 'get off' ni kushuka. Sehemu hii haihitaji maelezo mengi. Mpiga debe yeyote angeweza kuifundisha kwa vitendo.

Jirani akiwa kivumishi, kuna badiliko la hali. 'It is cold' inaeleza baridi iliyopo, lakini 'it gets cold' inaeleza baridi inayoingia. Mgeni wako anauliza iwapo mwezi wa 7 hali hubadilika na kuwa ya baridi, na jibu la mtu wa Iringa, achilia mbali mtu wa Makete, ni kwamba abebe sweta zito.

Sentensi iliyokukesha ni ya namna nyingine kabisa. 'Get' kikifuatwa na mtu, kisha 'to', kisha kitenzi kingine, maana yake ni kumfanya mtu huyo atende jambo kwa kumwomba, kumbembeleza au kumshawishi, na zaidi ya hayo, ni kwamba alikubali. 'We asked the driver to stop' inatuambia waliomba, lakini haituambii kama gari lilisimama. 'We made the driver stop' inatuambia walimlazimisha, na utaona kwamba hapo 'to' imeondoka. 'We got the driver to stop' inasimama katikati: walimwomba, naye akaridhia. Wageni wako walikuwa wanakutaarifu kwa furaha kwamba dereva wako ni mtu muungwana.

Kuhusu tembo, kosa lako lilikuwa katika 'you' zaidi kuliko katika 'get'. 'You' ile haikuwa wewe, bali mtu yeyote afikaye hapo. Mama yule alikuwa anasema tu kwamba mahali hapa huonekana tembo wengi.

Niruhusu niongeze jambo moja la historia, maana wazee hatuwezi kunyamaza. Waingereza wenyewe hawakuzaliwa na kitenzi hiki katika umbo tulilonalo. Kilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia waliovuka bahari na kufanya makazi kaskazini na mashariki ya Uingereza kuanzia karne ya 9, ambao walisema 'geta'. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu wa kitenzi hicho, lakini alikuwa ameng'ang'ania ndani ya maneno mengine, na mpaka leo anaonekana katika 'forget', ambayo kwa asili ni kupoteza kile ulichokuwa umekishika. Hiyo 'g' ngumu tunayoitamka ni alama ya wageni hao wa kaskazini, kwani katika neno la Waingereza wenyewe sauti hiyo ilikuwa imelainika na kukaribia 'y'.

Mfasiri, Njombe, ameandika:

Shikamoo, mwalimu. Maelezo yako ni mazuri na nimeyahifadhi, lakini naomba nitofautiane nawe mahali pamoja, maana nimekaa miaka kadhaa nikitafsiri nyaraka kutoka Kiingereza, na kanuni ya jirani wa kulia hunisaidia kusoma tu, hainisaidii kuandika.

Tatizo ni kwamba tunatafuta neno la Kiswahili la kuweka mahali pa 'get', wakati mara nyingi Kiswahili hakihitaji neno lolote hapo. Kazi ambayo Kiingereza hukipa 'get', sisi tunaipa tamati ya kitenzi. 'Get broken' ni kuvunjika, 'get angry' ni kukasirika, 'get rich' ni kutajirika, 'get paid' ni kulipwa, 'get married', mwanamke akizungumza, ni kuolewa. Wakati mwingine hata tamati hiyo haihitajiki, kwa kuwa mabadiliko yamo ndani ya mzizi wenyewe: 'get tired' ni kuchoka, 'get fat' ni kunenepa, 'get wet' ni kulowa, 'get used to' ni kuzoea, 'get drunk' ni kulewa. Mfasiri mchanga anayeandika 'alipata kuchoka' au 'alikuwa mwenye hasira' mahali pa 'alikasirika' anaburuta mifupa ya Kiingereza ndani ya Kiswahili.

Jambo hili lina faida ambayo Mwingereza hana. 'The window was broken' inaweza kuwa dirisha lilivunjwa, au dirisha lilikuwa limekwisha kuvunjika tangu zamani, na ni mazingira tu yatakayotofautisha. Mwingereza akitaka kuonyesha kwamba ni tukio na si hali, husema 'got broken'. Hata hivyo bado hajatuambia kama kuna aliyelivunja, ilhali sisi tukisema 'lilivunjwa' tumeshamnusa mhusika, na tukisema 'lilivunjika' tumemwacha mhusika apumzike. Kila mtoto aliyewahi kuangusha kikombe anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Hajawahi kusema 'nimekivunja'.

Kuhusu mahema, 'Can we get the tents cleaned?' haiulizi kama wao watasafisha. Inaomba mahema yasafishwe na mtu mwingine, nawe ndiye utakayemtafuta mtu huyo. Ingekuwa 'Can we clean the tents?', ungewapa ndoo na sabuni.

Sasa nigeuze shilingi. Ndugu mwongoza watalii, umeshangaa kwamba 'get' ni kitenzi chenye sura nyingi, lakini wewe mwenyewe umeandika 'kilomita zipatazo 130' bila kujikwaa. Je, kilomita hizo zimepata nini? Kitenzi chetu 'kupata' nacho ni mzururaji. Kisu kinachokata vizuri tunasema kinapata, na kilichodugika hakipati. Tunasema 'sijapata kuona' tukiwa na maana ya kutowahi kuona. Tunasema 'yaliyompata' tukiwa na maana kwamba mambo ndiyo yaliyomfikia mtu, wala si yeye aliyeyatafuta. Watu wawili wakiishi vizuri wanapatana, na hapo tumekutana uso kwa uso na 'get along' ya Waingereza. Kijana akikuuliza 'umenipata?' anauliza kama umeelewa, nao husema 'Do you get me?' Hata pale mtalii anaposema 'We got to see a leopard', yaani walibahatika kumwona chui, Kiswahili kina umbo linalolingana nalo kabisa: 'tulipata kumwona chui'.

Kwa sababu hiyo, mtego mkubwa kwako haumo katika barua za wageni, bali katika majibu yako. Tunapata ajali, lakini wao husema 'have an accident'. Tunapata mtoto, lakini wao husema 'have a baby'. Tunapata hasara, wao husema 'make a loss'. Na kubwa kuliko yote kwa mtu wa kazi yako: sisi kwa heshima humkaribisha mgeni 'apate chai', lakini ukimwambia mgeni 'Please get tea' atadhani unamtuma jikoni akailete. Mwambie 'Please have some tea'.

Karani wa Ofisi ya Chai, Mufindi, ameandika:

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, nami nina ushuhuda mfupi. Shuleni kwetu tulikatazwa kabisa kuandika 'get' katika insha, na aliyekiandika alikatwa alama. Niliitii amri hiyo mpaka nilipoanza kazi, na katika barua yangu ya kwanza ya kuomba ruhusa niliandika kwamba 'I obtained a cold and my chest became obtained'. Sentensi hiyo ilibandikwa ukutani ofisini kwa muda ambao sitaki kuukumbuka.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba katazo lile lilikuwa na sababu, lakini sababu yenyewe haikuelezwa. 'Get' ni kitenzi cha nyumbani, cha mazungumzo. Wafalme waliozungumza Kifaransa walipoitawala Uingereza baada ya mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa, ambayo asili yake ni Kilatini, yaliingia katika mahakama, kanisa na ofisi, na ndiyo maana mpaka leo barua ya kiofisi husema 'we have received your letter', wakati rafiki husema 'I got your letter'. Yote mawili ni sahihi, kila moja mahali pake. Lakini 'receive' na 'obtain' hushika maana ya kupata kitu tu. Huwezi kuziweka mahali pa 'get cold' wala 'get home'. Hapo barua rasmi itahitaji 'become' na 'arrive' au 'reach'. Kwa hiyo ndugu yetu akiwajibu wageni kwa niaba ya kampuni, aandike 'received', 'arrive' na 'arrange', lakini akiwa nao kwenye gari aiache 'get' itembee.

Mwongoza Watalii, Iringa, ameandika:

Ninawashukuru sana, na hasa dada mfasiri, maana nilipousoma ujumbe wake nilirudi kwenye barua pepe nilizotuma tangu mwezi wa 6 na kukuta nimewaandikia watu watano 'You will get breakfast at the camp at seven'. Sijui ni wangapi walioingia jikoni.

Bado kuna jambo moja linanitatiza. Mgeni mmoja Mmarekani aliniandikia, 'I've gotten the permits', kisha chini yake, 'I've got the permits with me'. Je, hiyo ya pili ni kosa la uchapaji?

Mwalimu Mstaafu, Uyole, ameandika:

Si kosa. Mfasiri amenirekebisha nami nimekubali, marahaba mwanangu. Hili la sasa niachieni mimi, kama asemavyo yule bwana wa chakula cha mchana.

'Have got', ingawa ina sura ya wakati uliopita, maana yake ni kuwa na kitu sasa hivi. 'I've got two children' ni 'nina watoto wawili', wala haisemi lolote kuhusu kuwapata. Mwingereza wa leo husema 'I've got' hata anapotaka kusema kwamba amekipata kitu, na humwachia msikilizaji kazi ya kutofautisha. Mmarekani amelihifadhi umbo la zamani, 'gotten', na kulipa kazi yake: 'I've gotten the permits' ni 'nimepata vibali', na 'I've got the permits' ni 'ninavyo vibali'. Wapo walimu wetu waliotufundisha kwamba 'gotten' ni uharibifu wa Wamarekani, ilhali ni umbo ambalo Waingereza wenyewe walilitumia na kisha wengi wao wakaliacha. Wewe fuata mtindo mmoja katika barua zako, na usimsahihishe mgeni.

Kuna tawi moja limebaki. 'Have got to', ikifuatwa na kitenzi, ni lazima: 'I've got to leave' ni 'lazima niondoke'. Usiichanganye na 'I got to leave early' katika masimulizi ya mambo yaliyopita, ambayo ni 'nilipata nafasi ya kuondoka mapema'. Moja ni mzigo na nyingine ni bahati, na kinachozitenganisha masikioni ni ile sauti ndogo ya 've' ambayo wengi wao huimeza.

Mfasiri, Njombe, ameandika:

Nyongeza ndogo kwa mambo ya barabarani, kwa kuwa ndiko kazi yako iliko: 'get going' ni kushika njia, 'get stuck' ni kukwama, na 'get by' hutumika pia kwa mtu anayesukuma siku kwa kipato kidogo. Mtu akimwambia mwenzake 'Get lost!' asimpe ramani, maana tafsiri yake ni 'Potelea mbali!'

Mwongoza Watalii, Iringa, ameandika:

Nimerudi kuwapa taarifa. Leo saa kumi na moja kasoro jioni wageni walioazima gari na kuingia Ruaha bila mimi wamenitumia ujumbe kutoka Tungamalenga: 'We've got to get the tyre fixed before it gets dark.' Nimeisoma mara mbili, nikayahesabu majirani. Ya kwanza ni lazima, ya pili ni ya kazi kufanywa na mtu mwingine, ya tatu ni giza kuingia. Wanachosema ni kwamba lazima tairi lizibwe kabla giza halijaingia, na kwamba hawana mpango wa kuliziba wao wenyewe. Sikuuliza swali lolote. Nimempigia fundi pancha wa pale kijijini, naye amesema anawafuata kwa pikipiki.